Mtoto wa Riobamba kwenye Ghorofa ya Kumi na Moja

Évariste aliujua mlima Chimborazo miaka kumi na saba kabla ya kumwona mtu yeyote aliyezaliwa chini yake. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari pale Uvira, mashariki mwa Zaire. Kila mwaka, muhula wa pili, alisimama mbele ya ramani ya Amerika ya Kusini, ramani ambayo mchwa walikuwa wameshaimaliza Ajentina yote, akagonga kwa fimbo yake upande wa kushoto juu na kutangaza: hapa ndipo Ekuador. Mji mkuu Quito. Mto Guayas. Ndizi, kakao, kahawa. Chimborazo, mita elfu sita mia tatu na kumi, theluji kileleni mwaka mzima ingawa ikweta inapita hapo jirani. Wanafunzi waliandika. Mwalimu mwenyewe, ukweli usemwe, hakuwa na hakika sana kama nchi hiyo ina watu.

Aliyemhakikishia kuwa inao alikuwa Segundo. Walikutana mwaka 1993 kwenye kiwanda kimoja cha magodoro karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, Évariste akiwa na miezi mitano tu nchini Kanada, yeye na mkewe Libérata na binti yao Aurore. Sababu za kuondoka Uvira wanazijua wenyewe na hawazisimulii mezani. Segundo alikuwa mfupi, kifua kipana, mashavu yamemwiva kwa baridi ya utotoni, na kazi yake ilikuwa kushona kingo za magodoro ambayo Évariste aliyajaza. Siku ya pili Évariste alimuuliza anatoka wapi.

"Riobamba," alisema Segundo, akijua fika kwamba jina hilo halijawahi kumwambia mtu kitu chochote hapo kiwandani.

Évariste aliweka chini alichoshika. "Riobamba," alisema. "Mkoa wa Chimborazo. Mita elfu mbili mia saba na hamsini juu ya usawa wa bahari." Kisha akaendelea na volkeno, na mito, na reli ya kwenda Guayaquil, ile inayoteremka mlima kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kwa sababu mteremko hauruhusu kukata kona. Segundo alisikiliza mdomo wazi. Miezi mingi baadaye alikiri kwamba siku ile alidhani ametumiwa mpelelezi wa uhamiaji.

Lakini huwezi kumwogopa muda mrefu mpelelezi anayekujazia magodoro. Haikupita wiki mbili, watu wa Ekuador waliokuwa zamu ile, saba kwa jumla, walikuwa wanakula chakula cha mchana pamoja na mwalimu. Kifaransa chake kilimfungulia njia ya Kihispania, na pale njia ilipoziba alitumia mikono. Walimwita Profe, yaani mwalimu. Siku moja aliwachorea nchi yao kwenye kipande cha boksi, milima mahali pake, visiwa vya Galápagos pembeni, na wote wakainama kutazama kwa heshima mpaka kidole cha Segundo kilipofika kwenye mpaka wa mashariki. Akachukua kalamu, akausukuma mpaka ule mbali sana kuelekea Peru. Évariste alizijua hasira za mipaka kuliko mtu yeyote pale, akatazama, akasema kweli, ramani yake ya zamani ilikuwa ya Wabelgiji. Hapo ndipo alipopendwa hasa.

Tumbo nalo lilifanya kazi yake. Segundo alisimulia kwamba bibi yake alifuga simbilisi jikoni, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofanana na sungura aliyekatwa masikio, na kwamba walikimbia miguuni kwake akipika. Alisimulia kwa tahadhari, maana Wakanada waliposikia kwamba wanyama hao huliwa walikuwa wanasogeza viti. Évariste alimwambia bibi yake mwenyewe, huko milimani juu ya Uvira, aliwafuga vilevile, jikoni vilevile, na waliliwa vilevile. Wakatazamana. Na wote wawili walikuwa na kinyongo kimoja na nchi hii, kinyongo cha watu waliozaliwa karibu na ikweta: jua. Kwao lilitoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima, bila mzaha. Hapa, mwezi Desemba, mtu alimaliza kunywa chai ya alasiri, akainua macho, akakuta siku imeshafungwa.

Basi mtu angesema Évariste amepata watu. Libérata asingesema hivyo. Libérata alikuwa mwanamke wa kuona, alilea wazee majumbani kule Richmond Hill na macho yake yalizoea kutazama jambo ambalo mtu halisemi, na jambo aliloliona kwa mumewe ni koti. Évariste havui koti. Kanisani, kwenye Misa ya Kihispania ambako Segundo alimpeleka, alikaa na koti. Ukumbini baada ya Misa, kwenye supu na viazi, koti lilifungwa mpaka kidevuni, kiti cha karibu na mlango. Kwa karibu miaka miwili alikula chakula cha watu kama mtu ambaye teksi yake inamngoja nje.

Aliona haya, ndiyo sababu yenyewe. Kule Uvira nyumba yao haikuwahi kukosa mgeni. Libérata alipika ugali wa watu watano akijua watakuja wanane. Hapa, ghorofa ya kumi na moja, barabara ya Dixon, mlango wao ulikuwa haujagongwa na mtu yeyote ila fundi wa mabomba. Koti alipewa. Sufuria walipewa. Mablanketi yalikuwa na namba za makao ya wakimbizi pembeni. Évariste alishukuru kwa dhati, na alikuwa amechoka kushukuru. Alitamani mara moja tu, katika nchi hii, awe yeye anayesema karibuni.

Sasa hebu tuje kwenye Mtoto.

Kila mwaka, Jumapili moja kabla ya Krismasi, watu wa Riobamba waliokuwa Toronto walifanya maandamano ya Mtoto Yesu kama walivyofanya kwao. Mtoto mwenyewe alikuwa sanamu ya mti, ukubwa wa kichanga cha miezi mitatu, macho ya kioo, mashavu mekundu kumshinda Segundo. Mwenye sanamu alikuwa Doña Zoila, dada mkubwa wa Segundo, mjane mdogo wa umbo mwenye kofia ya kahawia, ambaye mwaka 1978 alisafiri naye kwa ndege akiwa mapajani kwa sababu, alisema, mtoto hawekwi na mizigo. Kulikuwa na wachezaji waliovaa mabawa kama ndege, waliojifunika nyuso, watoto waliovaa kichungaji juu ya makoti ya theluji. Baada ya Misa, chakula. Baada ya chakula, Doña Zoila alimbeba Mtoto na kuzunguka naye ukumbi mzima, taratibu, akisimama mbele ya mmoja na mwingine.

Desemba ya 1994 Évariste, ambaye mwaka uliotangulia zamu ya kazi ilimnyima sikukuu, alitazama mzunguko ule na kuona jambo la ajabu. Kila Doña Zoila alipokaribia, watu walipata kazi ya mikono. Huyu alishika sahani mbili. Yule alianza kumvua mwanawe viatu. Segundo, ndugu yake wa tumbo moja, alijitia kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mwishowe bibi yule alifika mlangoni, mbele ya mtu mwenye koti, akamnyooshea Mtoto.

Huko Uvira, mtu mzima akikunyooshea mtoto humwachi hewani. Unapokea kwa mikono miwili, unainamisha kichwa kidogo, unamtazama mtoto usoni na kumsifu, hata kama sura yake haikupi mengi ya kusema. Kumkataa ni kumwambia mama yake kwamba umeona mkosi. Évariste aliweka sahani chini, akasimama, akapokea kwa mikono miwili, akasema Mtoto ni mzuri. Ukumbi ulilipuka makofi. Ngoma na tarumbeta zikaanza, mtu akamvalisha utepe mpana wa rangi ya dhahabu begani, wanaume walimkumbatia, wanawake walifuta machozi, na Segundo alikuwa amesimama na mikono kichwani. Évariste alidhani ndivyo wanavyomheshimu mgeni. Alifurahi sana.

Alirudi nyumbani kwa basi, Mtoto ndani ya koti, lesi nyeupe ya nguo yake ikichungulia kifuani. Mama Hodan, Msomali wa ghorofa ya nne aliyekuwa ameishi Mombasa, alimwona amesimama na kichanga akampisha kiti mara moja.

"Ana miezi mingapi?" aliuliza.

"Sijui, mama," alijibu Évariste, ambaye hasemi uongo. "Nimepewa leo."

Mama Hodan alifikiri kidogo juu ya jibu hilo. Kisha akafunua lesi kwa ncha ya kidole, akakutana na macho ya kioo, akairudisha. "Amelala vizuri," alisema, kwa adabu kubwa.

Libérata hakuwa na adabu hiyo. "Papa Aurore, huyo mutoto wa nani?"

"Wamenipa."

"Bamekupa juu ya nini?"

Swali hilo lilikosa jibu mpaka Jumatatu. Segundo alimsubiri mwalimu kwenye mashine ya kahawa, akamshika bega kama mtu anayekuja kutoa taarifa ya msiba. Anayempokea Mtoto mikononi, alieleza, ndiye mwenye sikukuu ya mwaka unaofuata. Mtoto atakaa nyumbani kwake mwaka mzima, atashonewa nguo mpya, na Desemba mwenye sikukuu atawalisha watu.

"Watu gani?"

"Wote," alisema Segundo. "Kama mia mbili. Na nguruwe lazima awe wa kuokwa mzima, sisi ni watu wa Riobamba."

Évariste alijaza magodoro kwa saa nane bila kutaja mlima hata mmoja.

Libérata alipoambiwa alikaa chini kwanza. Hakupiga kelele. Mtoto alikuwa juu ya friji, mahali pekee palipokuwa na nafasi, anawatazama. "Umurudishe," alisema. "Sikukuu hainiogopeshi mimi. Nimepikia harusi za batu mia tatu. Lakini kule nilikuwa na mama mukubwa, nilikuwa na bashangazi, bajirani banakuja na mikungu ya ndizi mbele hata hujabaomba. Hapa nani atashika mwiko? Siye hatuna batu, Papa Aurore. Njo hivyo tu."

Aurore, mwenye miaka minane, alisema kwa Kiingereza kwamba Mtoto anaweza kulala chumbani kwake. Aliambiwa kwa Kiswahili akalale yeye.

Évariste alijua mkewe amesema kweli. Jumamosi alimfunga Mtoto kwenye shuka, akapanda mabasi mawili mpaka kwa Doña Zoila, na njia nzima alijipangia Kihispania chake. Bibi alimfungulia, akaona shuka, akaelewa. Alimpa kiti na kikombe cha chokoleti ya moto. Hakununa hata kidogo. Alinyoosha mikono ampokee Mtoto wake, akasema kwa upole, "Hapana neno, Profe. Nitawaeleza watu kwamba hukujua. Wewe ni mgeni, hakuna atakayekulaumu."

Mpaka leo Évariste hajui kama mama yule alisema kwa huruma au kwa ujanja. Anachokijua ni kwamba neno lile lilimchoma. Mgeni. Kila karatasi aliyowahi kujaza katika nchi hii ilimwita hivyo kwa namna moja au nyingine, kila dirisha alilosimama mbele yake, na sasa hata mahali pekee ambapo jina lake lilikuwa Profe. Mgeni halaumiwi kwa sababu hakuna anayemtegemea. Alimvuta Mtoto akamrudisha kifuani.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Nilijua vizuri sana. Nimekuja kuuliza tu vipimo vya nguo zake."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza Kanada, na aliusema bila kupepesa. Doña Zoila akaenda kuleta utepe wa kupimia.

Huko nyumbani Libérata alikaa siku nne bila kuongea naye ila kwa kupitia Aurore. Siku ya tano mlango uligongwa. Walitazamana, maana hakuna bomba lililokuwa limeharibika. Walikuwa Segundo na mkewe na watoto watatu, wameleta mishumaa na mkate, wamekuja kumwona Mtoto. Ndivyo ilivyo, walieleza, Mtoto hutembelewa. Libérata aliwatazama watu watano mlangoni kwake, akajikuta anasema karibuni, na mkono wake ulishafika kwenye sufuria kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Kulikuwa na viti vitatu. Watoto walikaa chini. Wiki iliyofuata wakaja wengine, na baadaye wengine, karibu kila Jumapili. Mwezi wa tatu walitafuta viti vingine sita na wakavipata. Libérata alinung'unika kwamba sebule yake imekuwa kituo cha basi, na alinung'unika huku akiimba.

Sikukuu yenyewe ilibaki kuwa mlima. Nguruwe wa watu mia mbili hawezi kuingia kwenye jiko la nyumba ya ghorofa. Évariste alimuuliza Doña Zoila watu wa kwao wanawezaje, na bibi akamfundisha hocha. Mwenye sikukuu, alieleza, huoka mikate na kuzunguka nayo nyumba kwa nyumba. Akifika hamwombi mtu kitu. Anampa mkate. Mtu akiupokea na kuula, amekubali kuja na kitu siku ya sikukuu: kuku, au ngoma, au gunia la viazi. Nawe huandiki popote. Siku yake ikifika utampelekea vilevile.

Évariste alirudi nyumbani akicheka peke yake kwenye basi. "Mama Aurore," alisema hata kabla ya kuvua viatu, "ni michango ya harusi. Ni yetu ile ile. Wanaanza na mkate tu."

Libérata aliacha alichokuwa anafanya. "Mukate wa namna gani?" aliuliza, na hapo Évariste akajua ameshinda.

Walioka miezi miwili, Septemba na Oktoba. Évariste, ambaye wanafunzi wake walimkumbuka kwa fimbo, sasa alikuwa anazunguka Toronto na mfuko wa mikate. Watu wa Ekuador waliula mkate wake wakijua wanachokula. Wengine hawakujua, na mwalimu, lazima tukubali, hakuwaeleza mpaka wameshameza. Mama Hodan wa ghorofa ya nne alikula vipande viwili, akaelezwa, akacheka mpaka akashika ukuta, akaahidi sambusa mia mbili zisizokuwa na nguruwe karibu. Socorro, Mgoa mstaafu kutoka Tanga aliyekuwa anakaa Agincourt na ambaye Libérata alimfahamu kazini, alisema hana ngoma wala viazi, lakini anayo masufuria mawili ya harusi aliyokuja nayo kwa meli na ambayo watoto wake wanamtaka ayatupe. Watu wa kwao Kivu hawakufika kumi mjini kote, na wote waliula. Mmoja wao alikuwa na tanuri ya mkate mahali pa kazi, na mwajiri wake alikubali nguruwe alale humo usiku mmoja.

Wa mwisho alikuwa Leonce. Alikuwa mtu mzima, muuguzi kutoka Bujumbura, alifika jengo lao wiki mbili kabla ya sikukuu na alikuwa na chumba chenye kitanda na redio. Évariste alimpa mkate akamwambia hadaiwi kitu, aje tu. Leonce alisema atakuja ila hawezi kukaa sana.

Nguo za Mtoto zilileta mzozo mfupi. Libérata alitaka kumshonea kitenge, kile cha mwisho alichotoka nacho Uvira, cha samawati chenye samaki wa njano, ambacho alikuwa hajathubutu kukikata. Évariste aliogopa Doña Zoila atachukia. Mtoto alikuwa amevaa hariri na mahameli tangu azaliwe. Libérata alikikata usiku ule ule ili mjadala uishe. Asubuhi ya sikukuu, katika kibaraza cha kanisa, Doña Zoila alimfunua Mtoto mbele ya watu wote, akapapasa samaki mmoja baada ya mwingine kwa kidole gumba, akamfunika tena asipate baridi. "Mwaka huu kavaa kama mtu anayejua kwenda ufukweni," alisema, na mambo yakaendelea.

Theluji ilianguka wakati wa maandamano, nyepesi, na wachezaji wenye mabawa walipiga miguu kujipasha moto na ngoma haikukosea hata kidogo. Aurore alikuwa mchungaji. Ukumbini, meza zilijaa mpaka walitandika nyingine. Alikuwapo nguruwe wa kuokwa, ngozi ikivunjika kama kigae. Yalikuwapo mahindi meupe yaliyochemshwa, viazi vya kupondwa vyenye jibini, sombe ya Libérata, ile mboga ya majani ya muhogo, iliyokwisha kabla ya vyote, sambusa kwenye meza yake yenye kitambaa chake, masufuria ya Socorro yakitoa mvuke na Socorro mwenyewe akiyalinda. Wali ulikosa chumvi. Samaki walichelewa kwa saa nzima kwa sababu aliyewaleta alikwenda kanisa lingine. Évariste alikimbia huku na huku na utepe wake wa dhahabu, akawa anamwambia kila anayeingia karibu, karibu sana, bienvenido, karibu, na ilipofika saa tisa sauti ilikuwa imemkauka.

Libérata alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akaangalia ukumbi. Wanawake sita walikuwa nyuma yake wanaosha, wanachota, wanagombana kwa lugha nne. "Papa Aurore," alimwambia mumewe alipopita. "Angalia batu."

Évariste aliangalia. Macho yalimjaa, akaona hana sababu ya kuyaficha.

Alimkuta Doña Zoila ameketi jikoni juu ya gunia la viazi lililobaki, anakula mfupa. Aliona ni wakati wa kusafisha moyo wake. "Doña Zoila," alisema, "mwaka jana nilikudanganya. Sikujua."

"Hukujua hata kidogo," alikubali bibi. "Ungejua ungejifunga viatu kama ndugu yangu."

"Sasa kwa nini mimi?"

Aliendelea na mfupa mpaka ulipokuwa safi. "Karibu miaka miwili ulikula kwetu na koti mwilini, Profe. Nikasema huyu anangoja kuitwa aondoke. Basi apewe kitu kitakachomzuia kuondoka mapema." Alijifuta vidole. "Nenda. Watu wameshiba. Ni zamu yako kuzunguka."

Hapo ndipo Évariste alipojitazama na kugundua kwamba koti lake limetundikwa kwenye msumari tangu asubuhi, na hakumbuki kulitundika.

Alimchukua Mtoto kwa mikono miwili akaanza kuzunguka ukumbi, taratibu, kama alivyoona. Mikono ilianza kupata kazi mara moja. Huyu alinyanyua sahani mbili. Yule alimkumbuka mwanawe. Segundo alimwona kutoka mbali akabeba kiti, akabaki amekibeba. Évariste aliwapita wote akicheka, wala hakusimama mbele ya mtu, maana alikuwa ameshamwona anayemtafuta. Leonce alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango, sahani tupu mapajani, zipu ya koti imefika kidevuni. Kumbe alikuwa amekaa sana.

Leonce alipoona watu wote wamegeuka kumtazama, aliweka sahani chini na kusimama.

"Ni mutoto wa nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mupokee kwanza," alisema Évariste. "Nitakueleza Jumatatu."

Leonce alilelewa vizuri. Alitoa mikono mifukoni, yote miwili, akainamisha kichwa kidogo. Libérata alikuwa ameshafika nyuma yake na kushika ukosi wa koti. Alimvua mkono wa kwanza, akangoja amhamishe Mtoto upande wa pili, kisha akamvua mwingine.